Kabla Hujakanyaga: Niliyojifunza kwa Kupiga Picha Matuta ya Mchanga Oman

Tuta la mchanga ambalo halijakanyagwa hupigwa picha mara moja tu. Ukishapita juu yake, alama za miguu yako zinakaa hapo mpaka upepo uje uzifute, na upepo hauji kwa kuitwa. Mengine yote nitakayoyasema hapa, iwe lenzi, mwanga, gari au pesa, yanazunguka jambo hilo hilo.

Naishi Maskati. Kazi yangu ya kila siku haihusiani na kamera, lakini msimu wa baridi ukifika, wikiendi zangu nyingi naishia kwenye jangwa la Sharqiya, ambalo watu wengi bado wanaliita Wahiba. Ndugu na marafiki wakija kutoka Dar, Zanzibar au Mombasa wananiomba niwapeleke, na maswali yao ni yale yale. Nimeona niyaandike majibu kwa kirefu, gharama zikiwemo, maana gharama ndizo watu huzificha.

Jangwa lenyewe liko zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskati, ukifuata barabara ya Sur na kupita mji wa Ibra. Lina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 12,500. Upande wa kaskazini, karibu na mji wa Bidiyah, kuna matuta marefu yaliyolala sambamba kuelekea kusini, mengine yakifika kimo cha mita 100, na katikati yake mabonde mapana ambayo gari hupita. Matuta hayo yamejengwa na pepo za kusi zitokazo Bahari ya Hindi, pepo zile zile zilizokuwa zikirudisha majahazi kutoka Zanzibar kuja huku. Mpiga picha asiyejua upepo unatoka wapi hawezi kujua tuta limegeuza uso upande gani. Upande ambao upepo unaupanda huwa na mteremko mpole, mchanga wake umeshindiliwa kidogo na una viwimbi. Upande wa pili ndiko mchanga unakomwagikia, mteremko mkali wa nyuzi 33 hivi, laini kabisa, na ukiukanyaga unaporomoka mpaka chini. Pale pande hizo mbili zinapokutana kuna ukingo mkali unaojipinda. Picha nyingi nzuri za majangwa unazoziona zimejengwa juu ya ukingo huo: upande mmoja mwanga, upande mwingine kivuli.

Safari yangu ya kwanza nilikwenda na wafanyakazi wenzangu na familia zao. Tulifika alasiri. Watoto walishuka garini wakakimbilia tuta la kwanza, wakateleza, wakapanda tena, wakafurahi kama ilivyo haki yao. Magari ya watalii nayo yalikuwa yakipanda na kushuka kila upande. Jua liliposhuka na kufika mahali pake pazuri, kila mteremko niliouelekezea kamera ulikuwa na nyayo na mistari ya matairi. Usiku nikapitia picha kambini nikakuta vilima vidogo vya kijivu, kama vifusi vya mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Niliumia sana, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameona kitu kikubwa mno na sikuwa na hata picha moja ya kumwonyesha mama yangu.

Aliyenisaidia kuanza upya hajawahi kushika kamera. Ni mzee wa Ibra, ndugu wa rafiki yangu, aliyekulia Tabora na kurudi Oman akiwa kijana. Kiswahili chake bado ni cha Tabora kabisa. Nilipita kwake kumsalimia nikiwa njiani kwenda mchangani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mchangani saa saba hii unakwenda kutafuta nini?"

Nikamwambia nataka kupiga picha. Akanikalisha, akaleta kahawa na halua, akasema, "Saa hizi mchanga hauna mgongo wala tumbo. Hata sisi tukitafuta ngamia aliyepotea hatutoki mchana, nyayo huzioni. Tunatoka alfajiri, jua likiwa chini, kila alama ina kivuli chake. Lala Bidiyah, uamke kabla ya adhana."

Huo ndio ufafanuzi bora wa mwanga niliowahi kuusikia. Mchanga wote una rangi moja, kwa hiyo bila kivuli jicho halina pa kushika. Jua likiwa utosini, tuta la mita 80 linaonekana tambarare. Jua likiwa chini, likipiga kutoka ubavuni, kiwimbi cha kimo cha sentimita moja kinatupa kivuli kirefu kuliko chenyewe. Mwezi Desemba jua huku linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kuanzia hapo una kama saa moja ya kazi ya kweli. Jioni una muda kama huo kabla ya magharibi, lakini mimi naichagua asubuhi kwa sababu ya nyayo. Upepo huamka mchana ardhi ikishapata moto, ukavuma mpaka jioni na pengine usiku, na mapambazuko yanakuta jangwa limefagiliwa. Jioni unakuta nyayo za kila aliyepita siku hiyo.

Kuna kitu kingine cha asubuhi ambacho sikukisoma popote. Usiku umande hushuka jangwani, wakati mwingine ukungu kutoka baharini, na ni unyevu huo unaosaidia mimea ya huku kuishi. Nililala kifudifudi juu ya ukingo wa tuta moja kabla jua halijatoka, nikaangalia. Mchanga ulikuwa umekoza rangi na kushikana, ukingo umekaa kama umekatwa kwa kisu. Alama za mende zilikuwa zimepanda mteremko kwa mistari miwili ya nukta, zikafika ukingoni, zikageuka. Jua lilipougusa ukingo, kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea. Kisha chembe za juu zikakauka, zikapauka, na moja baada ya nyingine zikaanza kubingirika upande wa kivuli, mpaka zikafanya mfereji mdogo unaotiririka wenyewe bila kuguswa na mtu. Ukiwa na subira ya kukaa hapo na lenzi ya karibu, utapata picha ambazo mtu wa kwenye gari hazipati. Na nyayo za wanyama wadogo, za mende, mijusi na mbweha, hudumu mpaka upepo wa mchana uamke. Wanasayansi wa Royal Geographical Society ya Uingereza waliokuja kulichunguza jangwa hili katikati ya miaka ya 1980 walikuta limejaa uhai, na asubuhi utausoma uhai huo mchangani bila kumwona mnyama mwenyewe.

Sasa utaratibu wangu wa kutembea. Nikifika alasiri, siku ya kwanza sipigi sana. Nazunguka chini, bondeni, nikichagua tuta nitakalolipiga picha na tuta nitakalosimama juu yake, na hayo ni matuta mawili tofauti. Alfajiri nalipanda lile la kusimama kwa upande wa nyuma, ule ambao hauonekani na kamera. Naanza na picha za mbali, halafu za kati, halafu za karibu, ili kila hatua yangu iingie kwenye mchanga nilioumaliza. Mtu wa kwenye picha naye tunapatana naye usiku kabla ya kulala. Binadamu mmoja mdogo kwenye mgongo wa tuta ndiye anayemwambia mtazamaji kwamba kitu hiki ni kikubwa, lakini anatakiwa apite mara moja, kwenye mstari mliokubaliana, asirudi alikopita. Nyayo zake zikiwa mstari mmoja zinaongoza jicho. Zikiwa mbili zinazopishana, umeshaharibikiwa na itabidi uhamie tuta jingine. Kambi nyingi ziko kaskazini na ndiko magari yanakochezea, kwa hiyo ukiendelea kusini kwa nusu saa tu unapata mchanga safi.

Kuhusu lenzi, wengi hudhani jangwa pana linahitaji lenzi pana. Lenzi ya milimita 16 au 24 inayasukuma matuta mbali na kuyafanya mafupi, kisha inajaza nusu ya picha mchanga wa miguuni pako. Ina faida yake pale viwimbi vya mbele vikiwa vizuri kweli: unapiga magoti, unashusha kamera karibu na ardhi, unapunguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga mpaka f/16. Lakini picha zangu nyingi ninazozipenda nimezipiga kwa lenzi ndefu ya milimita 70-200, tena upande wa 150 kwenda juu, kwa f/8 au f/11. Lenzi ndefu inayasogeza matuta yapandane, mgongo nyuma ya mgongo, na inakuruhusu kuacha nje ya picha yale yasiyotakiwa: gari, nguzo, mtalii. Ukiwa na pesa ya lenzi moja tu, nunua hiyo, hata iliyotumika.

Kamera yenyewe itakudanganya mambo mawili. La kwanza ni mwanga. Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokiona kina weupe wa wastani, kwa hiyo ukiielekeza kwenye mchanga unaong'aa itaupiga giza. Ongeza kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja na theluthi (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili), kisha angalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha, usiamini kioo cha nyuma ya kamera, maana jua la jangwani linakifanya kioo kionekane chenye giza muda wote. La pili ni rangi. Mchanga wa Sharqiya kaskazini una wekundu wa kutu, chembe zake zimevikwa oksidi ya chuma, na mpangilio wa rangi wa kamera ukiwa wa kujiendesha wenyewe utauona wekundu huo kama kosa na kuuondoa. Uweke mpangilio huo kwenye alama ya mwanga wa jua, uuache hapo. Na piga faili ghafi, zile za RAW, ili vivuli uweze kuvifungua baadaye.

Kichujio cha polaraiza, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, kinasaidia kukoza anga, ila kwenye lenzi pana kinaacha anga kipande kimoja cheusi na kingine cheupe. Mimi nimeacha kukitumia kwa lenzi pana kabisa.

Tuje kwenye hasara. Mchanga huu unaingia popote. Chembe zake ni ngumu kuliko kioo cha lenzi, kwa hiyo ukipangusa kwa kitambaa umekwaruza, na mkwaruzo hautoki. Kwanza pulizia kwa kile kipulizio cha mpira, geuza lenzi iangalie chini, pulizia tena, brashi laini ifuate, kitambaa kiwe cha mwisho kabisa na ukishafika nyumbani. Usipulize kwa mdomo, mate yanagandisha vumbi. Usibadilishe lenzi nje upepo ukiwa unavuma, hata upepo mdogo. Ingia garini, funga vioo, zima feni. Zoomu ya lenzi yangu ya kwanza ilianza kusaga baada ya alasiri moja ya upepo, nikasikia ile sauti ya chembe ndani yake na moyo ukanienda mbio. Fundi wa Ruwi, hapa Maskati, aliifungua, akaisafisha pamoja na sensa ya kamera, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, nikalipa riali 45. Tangu hapo kamera ikiwa nje inavaa mfuko wa nailoni uliotobolewa mbele na kufungwa kwa mpira kwenye mdomo wa lenzi. Haipendezi kuitazama, ila imeniokolea pesa nyingi.

Stendi ya miguu mitatu ina siri yake. Watu hufungua vipande vinene vya juu kwanza, na vile vyembamba vya chini hubaki vimefungwa. Mchangani fanya kinyume: fungua vya chini kabisa kwanza, ili vifungo vya miguu vikae juu, mbali na mchanga. Ididimize miguu mpaka ikatae kuzama, la sivyo itazama yenyewe taratibu wakati shata, kile kipazia cha kamera kinachoruhusu mwanga, iko wazi. Ukirudi nyumbani, ioshe kwa maji baridi na uiache ikauke ikiwa wazi.

Gari ndilo gharama kubwa. Kukodi gari la 4x4 Maskati, mimi nimelipa kati ya riali 30 na 40 kwa siku kutegemea msimu, na mikataba mingi ya kukodi ina kipengele kinachosema bima haihusiki ukiingia mchangani. Kisome kipengele hicho kabla ya kutia sahihi. Njia salama kwa mgeni ni kuliacha gari la kawaida Bidiyah au Al Wasil na kumlipa mwenyeji mwenye gari lake akuingize. Anajua njia, anajua mchanga upi ni laini, na pesa inabaki kwa familia za pale. Ukiendesha mwenyewe, punguza upepo wa tairi mpaka psi 16 au 18, uwe na pampu ya kuujaza ukitoka, na msiingie gari moja peke yake. Maji, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na uongeze ya ziada. Nenda kati ya Oktoba na Machi. Kiangazi joto linapita nyuzi 45, kusi linapeperusha mchanga usoni, na hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Kuna adabu pia. Mabedui wanaishi humu, ngamia unayemwona ana mwenyewe, na mwanamke aliyevaa barakoa yake ya kibedui mlangoni kwake si mapambo ya picha yako. Salimia, kaa, kunywa kahawa, kisha omba. Nimekataliwa mara nyingi na nikaendelea kunywa kahawa. Ndege ya kamera isiyo na rubani inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, usiirushe kwa kubahatisha.

Mchanga ukishakuingia moyoni, utataka wa rangi nyingine. Kusini zaidi, pwani ya Al Khaluf, matuta ni meupe kabisa na yanashuka karibu na bahari ya buluu. Huko nyongeza ya mwanga inafika stopu moja na nusu, na saa nzuri ni fupi zaidi kwa sababu weupe unaumiza macho mapema.

Kisha, nikiwa likizo nyumbani, nilikwenda kuliona tuta jeusi la Ngorongoro, lile linaloitwa mchanga unaohama, si mbali na Bonde la Oldupai. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, tuta moja lenye umbo la mwezi mchanga, kimo cha mita 9 hivi na urefu wa mita 100, linalosogea kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 kwa mwaka. Kuna alama zimesimikwa zikionyesha lilikuwa wapi miaka iliyopita. Kila nilichozoea Oman kuhusu mwanga kiligeuka. Kamera ikiona mchanga mweusi inauangaza mpaka unakuwa kijivu, kwa hiyo nilipunguza stopu nzima na zaidi kidogo. Chembe zake zina madini yenye sumaku na zinashikamana, basi sikuweka lenzi chini hata mara moja.

Kwa kuwa upepo wa pale unasukuma kuelekea magharibi, pembe mbili za tuta na uso wake wa mporomoko vinatazama magharibi. Asubuhi simama upande huo: jua linatokea nyuma ya tuta, uso uliobonyea unabaki kivulini, na ukingo mzima unawaka kwa mwanga kutoka pembe hadi pembe. Lakini geti la hifadhi linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kutoka hapo barabara bado ni ndefu, kwa hiyo kama unautaka mwanga huo itabidi ulale ndani ya eneo la hifadhi, na hilo lina ada zake, zipange mapema. Alasiri jua linaingia ndani ya lile bonyeo moja kwa moja, picha inakuwa nyepesi zaidi, ila unaona vizuri mchanga unavyomwagika. Wamasai wanalichukulia tuta hilo kuwa mahali patakatifu. Mwulize mwenyeji uliye naye wapi panafaa kusimama, usilipande kwa sababu tu ya picha, na usichote mchanga wake kuuweka mfukoni.